Wifi, Jana Nilikuzika Masama

Wifi yangu Manka,

Kabla hujaambiwa na watu wenye midomo mirefu, nakuambia mimi mwenyewe: jana nilikuzika. Nilikuzika Masama, kwenye kihamba, shamba la ukoo wa watu nisiowajua, alasiri, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Usishtuke, na usianze kununa kabla sijamaliza. Hujafa. Uko Mwanza kwa mwanao Elibariki unakula sato, na kama huamini jifinye. Waliokuua ni watu wa tamthilia.

Nimetaka barua hii isomwe na kila mtu. Binti mmoja wa ofisi yao ananiandikia ninavyosema, naye ataiweka huko kwenye simu watu wanakoanika mambo yao, kwa sababu habari ya kifo chako imeshapanda na kushuka mlima mzima, na mimi sina miguu ya kuzunguka nyumba kwa nyumba nikikufufua. Mke wa katekista aliyenipigia kuuliza matanga yanakaliwa kwa nani, naye asome. Lakini naandika kwako. Hao wengine wanachungulia tu begani kwako, na wewe umezoea kuchunguliwa.

Unakumbuka tulivyoingia kwenye upuuzi huu? Yalikuwa maji ya mfongo, ule mfereji tunaogawana kwa zamu. Zamu ilikuwa yangu, nami nimeshatengeneza vijito vyangu vizuri mpaka kwenye kahawa, nashangaa maji hayafiki. Napanda juu, nakukuta umesimama na jembe kama askari wa benki, maji yote umeyageuzia kwenye mboga zako. Nikasema yangu, ukasema yako. Ukafukua mpaka mbuzi wa mahari yangu, eti kaka yako alidanganywa, mbuzi walikuwa na afya kuliko bibi harusi. Mwanamke gani anasema hivyo mbele ya barabara? Na barabarani alikuwa amesimama kijana wa mjini anatafuta nyumba ya kukodi apige picha zake. Tulipoishiwa pumzi akateremka, akatuamkia vizuri, akasema, "Bibi zangu, mnaweza kurudia hivyo hivyo kesho?"

Ukamjibu, "Kesho tutakuwa na ugomvi mwingine."

Huyo ndiye Fadhili, dairekta. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi zenye maji. Akarudi na kamera, na kweli alitukuta tunagombania mwiko.

Walitupa majina ya kuigiza lakini hakuna aliyeyashika. Kila mahali tuliitwa Mawifi. Hata sokoni Mwika watoto walituita hivyo, na wewe ulijifanya hupendi, kumbe ukienda sokoni unavaa kile kilemba cha zambarau ili wasikukose. Nilikuona. Usikatae.

Kazi yenyewe tuliifanyia jikoni kwako. Mimi ni wa darasa la nne, tena nilikwenda siku za mvua tu, siku za jua nilikuwa shambani. Wewe ulimaliza la saba na hukuniacha nisahau hata siku moja. Karatasi za maneno zikija, unakaa kwenye kigoda unamenya ndizi, unanisomea ya kwangu, kisha unasema ya kwako. Nikikosea unanitupia ganda. Nikipatia hunisifu, unachukua ndizi nyingine. Ndizi zikiisha tumeshajua yote, na mtori wa ndizi hizo unapanda motoni. Sasa karatasi zikija naziweka mezani. Nazitazama, nazo zinanitazama. Nasoma kwa kidole, neno kwa neno, na nikifika mahali penye maneno yako nanyamaza kidogo kama mjinga, nangoja.

Haya, nikueleze jana.

Niliamka nikampa ng'ombe majani, nikaoga, nikashuka na Noah ya abiria ya kwanza kwenda mjini. Kulikuwa na usaili. Tangazo la majani ya chai, wanataka bibi. Ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja si mbali na hospitali ya Mawenzi, kwa hiyo ilibidi nipite pale ulipolazwa baada ya kuanguka. Nikapita upande wa pili wa barabara. Sikupatazama.

Foleni unaijua. Wasichana wenye kope kama fagio, vijana wanajisemea ukutani, na sisi wazee tumewekwa kwenye benchi kama mizigo ya kwenda Rombo. Mzee Hamisi alikuwepo, yule wa mjini ambaye ni Mwislamu wa sala tano lakini kila tamthilia anaigiza padri. Akaniuliza, "Mama Anaeli, leo peke yako? Mwenzako yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Safari gani hii, mama, mwaka unakatika?"

"Mzee Hamisi, ulizia zako."

Akasogea nikae vizuri. Heri asingesogea. Tukiwa wawili tulikuwa tunakaa tumebanana na wewe unalalamika kiuno changu ni kipana. Jana benchi lilikuwa na nafasi nyingi mno.

Nikaitwa ndani. Kuna dada mwenye miwani na wenzake, na kikombe kitupu mezani. Dada akasema, "Bibi, onyesha furaha."

"Furaha ya nini?"

"Mjukuu wako amekuja kukutembelea."

"Amekuja na nini?"

Wakatazamana. "Amekuja tu, Bibi. Umemkumbuka."

"Sawa. Amefika mwenyewe au ameniambia yuko njiani? Kwa sababu furaha ya mtu aliye njiani ni nyingine."

Nikaona wanaandika. Sijui waliandika nini. Nikanywa chai isiyokuwepo, nikachekea mjukuu asiyekuwepo, nikaona naweza, maana nimezoea. Kisha mmoja akasema wamesikia mimi ni hodari wa kugomba, wangependa waone. Wakamleta binti mmoja asome maneno ya wifi. Maneno mazuri, makali, yale yanayokufaa wewe. Binti akayasoma kama anasoma matangazo ya misa: "Wewe mwanamke huna haya, umemla kaka yangu, sasa unataka na shamba." Kisha akanitazama kwa upole, akangoja.

Wifi, sikuweza. Nilifungua mdomo, hasira haikuja. Nilimwona mtoto wa watu, mwembamba, labda hajanywa hata chai. Utamgombeza nani pale? Hasira nayo inataka mtu anayekujua. Wewe ulikuwa unaanza tu kukunja kanga kiunoni na mimi damu inachemka, maana najua umekusanya maneno tangu asubuhi. Huyu mtoto hakuwa na chochote juu yangu. Nikasema maneno yangu, nikayamaliza, nikakaa.

"Asante sana, Bibi. Tutakupigia."

Hiyo tunaijua. Ukiambiwa hivyo ulikuwa unajibu, "Mkipiga tukiwa shambani ngojeni," kisha tunatoka tunacheka kama tumepewa. Tunakwenda pale nyuma ya stendi, wewe unaagiza mtori wa mjini ili upate wa kuutukana. Eti uji wa wagonjwa. Na bakuli unalifuta kwa kidole. Jana nilipita pale. Mama muuzaji akaniita, nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka. Gari la kunipeleka Masama lilikuja nimeshachoka kulingoja.

Sasa hapo Masama lazima nirudi nyuma kidogo, ujue waliniambiaje.

Fadhili alikuja nyumbani mwenyewe, wala hakutuma mtu. Alileta sukari na mkate, akakaa pale barazani, akanisaidia hata kuanua kahawa. Nikajua kijana huyu ana neno baya. Mwishowe akasema, "Bibi, watazamaji wanauliza kila siku Wifi yuko wapi. Tumemngojea. Tumesema yuko hospitali, tumesema yuko kwa mwanaye. Hatuna tena la kusema."

"Kwa hiyo mnamuua."

"Kwenye tamthilia tu, Bibi."

"Na mimi kazi yangu nini?"

Akatazama viatu vyake. "Wewe unamzika."

Nilimrudishia sukari yake. Nilimwambia kwetu mtu mzima hazikwi akiwa anapumua, hata kwa mchezo, na kama wanataka kuzika wamzike dairekta. Akaondoka kwa adabu, amekumbatia mkate wake. Lakini nikakaa nikafikiri. Wakikosa mimi wataleta mama wa Arusha, amepakwa wanja, aseme, "Wifi yangu, wifi yangu," na hajawahi kukuona hata ukipiga chafya. Akulilie yeye? Nikampigia. Nikasema kama kuna wa kumlilia Manka, hata kwa uongo, ni mimi. Na alete ule mkate.

Basi ndiyo nikajikuta Masama. Shimo lilikuwa limeshachimbwa kwenye migomba, zuri, la watu wanaojua kazi. Hema lipo, viti vya plastiki vipo, spika inaimba nyimbo za msiba. Sanduku wamekodi, ndani wameweka mifuko ya mchanga. Na juu ya sanduku picha yako, ile ya kilemba cha zambarau, uliyokataa kucheka kwa sababu ya pengo la jino. Umeninunia kabisa. Nikasema kimoyomoyo, nuna tu, mimi nimetumwa.

Wakanipaka unga wa kufanya uso uonekane umekonda. Nikawaambia umekonda wenyewe, waache unga wao.

Walikuwa wamekodi wasichana wa kulia. Wanalia kama wanapiga chafya, wakiambiwa acha wanaangalia simu. Fadhili akanifuata. "Bibi, wewe ndiye unaanza. Piga ule ukelele wa kwenu."

Nikapiga. Sasa wewe unajua ukelele wangu. Ukipigwa Mwika unasikika kwa jirani wa saba. Masama wana masikio kama sisi. Hazikupita dakika nyingi nikaona migomba inatikisika, wanawake wanatokea huku na huku, kanga kiunoni, huyu na mkungu wa ndizi kichwani, huyu na maziwa, huyu na kuni. Hawakuuliza. Nani anauliza kwanza? Unasikia kilio, unabeba ulicho nacho, unakwenda. Utaniambia hawakuona kamera? Wifi, msiba gani siku hizi hauna kamera. Hata babu wa pale njia panda alipozikwa kulikuwa na watu wawili wanapiga video na mmoja kapanda juu ya mparachichi. Wale wanawake waliona hema, wakaona spika, wakaona wapiga picha, wakaona shimo. Hata mimi ningeweka ndizi zangu chini nikalia.

Mmoja, mtu mzima wa umri wetu, akafika mbele ya sanduku akaitazama picha. Akashika mdomo. "Jamani, huyu si yule Wifi mkorofi wa kwenye televisheni? Kumbe ni wa huku?"

Mwingine akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa ananichekesha mpaka naunguza maharage."

Na yule wa kwanza akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Sasa yule mwenzake atagombana na nani?"

Wakalia. Wale walilia kweli. Wasichana wa kukodiwa wakanyamaza kwa aibu. Nikamwona Fadhili anawaonyesha wapiga picha kwa kidole, endeleeni, endeleeni. Hapo nikasimama. Nikaenda mbele ya kamera mpaka ikaona kanga yangu tu.

"Mama zangu," nikasema, "nisameheni. Mimi ndiye mwenzake. Hajafa. Yuko Mwanza. Huu ni mchezo wa kuigiza."

Spika tu inaimba. Yule mtu mzima akanitazama toka kilemba hadi viatu. "Mchezo?"

"Mchezo."

"Nimeacha ng'ombe sijamkamua."

"Najua, mama."

"Nimelia, kamasi zimenitoka mbele ya vijana."

"Naona."

Nilidhani atanipiga, na angenipiga ningetulia. Unawajua wanawake wa upande ule, hawarembi. Lakini akaangalia picha yako tena, akauliza, "Kwa kweli yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi ni heri. Lakini ndizi haziwezi kurudi nyumbani. Kilichotoka kwenda msibani hakirudi." Akageuka kwa wenzake, wakawasha moto pale pale nyuma ya hema wakaanza kumenya. Watu wote wa tamthilia wakala ndizi za msiba wako. Fadhili alikula sahani mbili.

Kumbe wakati huo mtu ameshapiga picha ya sanduku kwa simu, na picha yako juu, ameshaituma. Simu yangu ikaanza. Mwika wanalia. Kilema wanauliza. Mtu mmoja ambaye hajanisalimia tangu Pasaka akanipa pole ndefu. Nilikuwa nimesimama karibu na lile shimo, nawaambia mmoja mmoja hajafa, hajafa, acheni, ndipo akapiga Elibariki.

"Mama Anaeli, nani amesema mama amekufa? Watu wananipigia wananipa pole. Mama yuko hapa, amekaa, ananitazama."

Nikamweleza. Alikuwa na hasira, na nilimpa haki yake. Alipomaliza nikamwambia, mpe simu. Akasema, "Lakini hasemi, Mama Anaeli. Unajua hasemi." Nikasema sikuomba aseme, nimeomba umpe simu.

Akakuwekea sikioni. Nikasikia ukipumua. Nikasema, "Wifi." Ukapumua. Nikasema, "Wifi, ni mimi." Unapumua tu, pole pole, na kwa mbali nasikia magari ya mji wenu. Na mimi miguu yangu iko ukingoni mwa shimo lako, udongo mwekundu umerundikwa pale, picha yako inaninunia. Sikujua niseme nini. Mimi, ambaye ulikuwa unaniambia nitakufa na neno mdomoni. Nikasema ng'ombe amezaa, ndama jike. Nikasema mboga zako zimeota zenyewe, sijazing'oa. Kisha simu ikakatika.

Nilipogeuka mvua ya ukungu imeanza, na Fadhili anakusanya watu. "Tumekosa mwanga, Bibi. Tutamalizia kesho. Sanduku liingie ndani, kaburi tuliache hivyo hivyo."

"Liachwe wazi?"

"Kesho asubuhi na mapema tunarudi."

"Haliachwi."

"Bibi, ni shimo tu."

Wala hakuwa na ubaya. Yeye ni mtoto wa mjini, wazee wake wanazikwa makaburini, shimo linachimbwa maiti ipo tayari. Hakujua. Mwenye kihamba mwenyewe, mzee wa watu, alikuwa ndani na pombe yake ya mbege, akatoka kusikia kelele. Akasema, "Kijana, nilikukodisha shamba, sikukukodisha msiba. Shimo likilala wazi kwangu linaita mtu. Mimi na mke wangu ndio tuliobaki hapa. Unataka limwite nani?"

Na mimi nikasema, kwa jina la nani limechimbwa? Picha ya nani iko pale? Sipandi gari nikaliacha shimo la Manka linangoja.

Fadhili akatutazama, akavua kofia. "Basi niambieni tufanyeje."

Wewe unajua tulivyofanya. Mzee akaenda na panga, akakata mgomba ulioshazaa, akaukata kwa urefu wa mtu, ili shimo lipewe mgomba badala ya mtu. Wale wanawake wakaacha sufuria zao wakaja. Vijana wa kamera wakaubeba, watu wa taa wakaubeba, wakaushusha taratibu maana tuliwafokea wasiutupe. Fadhili akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, naruhusiwa kuwasha kamera?"

Nikamwambia, "Washa. Lakini usiniambie nilie."

Nikachukua udongo. Ulikuwa umelowa, umeshikana mkononi. Nikaurusha juu ya mgomba, na hapo nikalia, wifi. Nililia mpaka yule mwanamke wa Masama akanishika kiuno. Wao wanasema ndiyo sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na wataionyesha. Waionyeshe. Mimi nilimwambia Fadhili alete gari, nimechoka.

Nikueleze kwa nini nililia, maana najua utasema kiburi kimeniisha. Sikukulilia wewe. Wewe nilikuwa nimetoka kukusikia ukipumua. Nililia kwa kuwa niliona itakavyokuwa. Siku moja gari litatoka Mwanza. Litapanda na sanduku, juu yake picha hiyo hiyo, maana nyingine hukukubali kupigwa. Litakuta hema, viti vya plastiki, spika, wapiga video. Mimi nitawekwa mbele, nipige ukelele wangu, watu wapate kula, na kesho yake asubuhi Elibariki anawahi dukani kwake. Nami sitakuwa nimekuona. Jana nilifanya yote hayo, kila kitu, mpaka udongo, na wewe hukuwepo hata kidogo. Nimeshajua kulivyo.

Sasa Elibariki, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Usiruke hapa. Soma kwa sauti.

Ulisema unamchukua kwa muda. Kahawa imevunwa, imechanua, imevunwa tena. Unasema mlimani kuna baridi. Amezaliwa kwenye hiyo baridi. Unasema Mwanza madaktari ni wazuri, na mimi siwakatai, wamemfikisha hapa, Mungu awape. Unasema huku hakuna wa kumhudumia. Mimi ni nani? Nimemuuguza mjomba wako miaka ya mwisho yote, nimemgeuza kitandani, nimemlisha, na alikuwa mzito kuliko mama yako na mbishi kuliko nyinyi wote. Desemba watu wote wanapanda mlima, hata wasio na mama wa kumwona wanapanda. Wewe wa kwako uko naye, mpandishe. Nyumba yake kila Jumamosi naifagia. Kitanda nimekihamishia upande wa dirisha, na mlango nimempa fundi aupanue, kiti cha magurudumu kipite. Sikukuomba ruhusa, ni kihamba cha babu yako.

Akifika hapa akataka kurudi Mwanza, mrudishe, sitasema neno. Akitaka kubaki, mwache. Lakini nimuone akiwa anapumua. Nimemzika mara moja bila kumwona. Mara ya pili sikubali.

Sasa wewe Manka. Najua wataulizana hapo ukumbini, mke na mume, wataangaliana, watasema mama haelewi, mama hawezi kusema anataka nini. Waache waseme. Elibariki aliniambia upande wa kulia umelala lakini wa kushoto una nguvu, hata kijiko unashika. Basi mwanao yuko hapo karibu yako sasa hivi, anakusomea barua hii. Kama unataka kuja nyumbani, mshike mkono. Usimshike kwa upole kama mgonjwa. Mbane mpaka aache kusoma.

Mimi wifi yako, mke wa kaka yako,
Mama Anaeli,
Mwika